Usingoje mabeshte: Zurura Nairobi peke yako uijue

Hebu fanya hesabu ndogo. Fungua ramani ya Nairobi kwa simu yako, kisha uhesabu mitaa ambayo umewahi kutembea kwa miguu bila kutumwa, bila kutembelea shangazi, bila kutafuta kazi. Mitaa uliyopita ukiwa ndani ya mathree, macho kwa TikTok, hiyo haihesabiki.

Wengi wetu tukifika mtaa wa tatu tunaanza kukwaruza kichwa. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4 jijini hapa, lakini jiji lako wewe ni kamba moja tu: steji ya mtaani, tao, steji ya mtaani. Kama unaishi Umoja, Kangemi ni kama nchi ya mbali. Kama unaishi Kangemi, Pumwani ni jina la hospitali kwenye cheti chako cha kuzaliwa na hujawahi kurudi huko tena.

Ukiulizwa mbona hutembei, majibu huwa mawili. La kwanza, hakuna doo. La pili, hakuna mtu wa kwenda naye. Hilo la kwanza tutalishughulikia hapa chini, manake matembezi ninayokupendekezea yanalipiwa na soo tatu, nauli na chai ndani. Hilo la pili ndilo limetuweka kitandani kila Jumamosi. Unajua vile hufanyika: mtu anaandika kwa grupu la WhatsApp, "Wasee, fomu ni gani wikendi?" Watu wanane wanajibu kwa kelele. Alhamisi mmoja anasema ako na kazi. Ijumaa wawili wananyamaza. Jumamosi saa nne unauliza, "Bado tuko?" na unaona tu zile alama mbili za bluu.

Basi nenda peke yako. Sisemi hivyo kukufariji kwa sababu umetoswa. Kuna vitu jiji hili humwonyesha tu mtu aliye peke yake.

KWA NINI PEKE YAKO

Watu wanne wakitembea pamoja hubeba mtaa wao mgongoni. Wataongea stori zao zile zile za Zimmerman wakiwa katikati ya Gikomba, na watarudi nyumbani bila kuona chochote isipokuwa picha walizopiga. Mtu mmoja hana wa kuongea naye, kwa hivyo anasoma. Anasoma majina ya maduka, vibao vya waganga, tangazo la nyumba ya kupanga, rangi ya milango, ni nani amekaa nje na anafanya nini.

Tena watu huongea na mtu mmoja. Kundi la vijana wanne likisimama mbele ya fundi wa viatu, fundi anashika mfuko wake. Kijana mmoja akisimama na kusema, "Habari ya kazi mzee? Hii soli inashonwa aje?" anapewa kigoda. Niliacha chuo mwaka wa pili nikiwa na muda mwingi kuliko pesa, na mengi ninayojua kuhusu jiji hili nimeyapata kwa vigoda kama hivyo.

Najua kile kinakutia woga: kula peke yako mbele ya watu. Lakini angalia vizuri aibu hiyo inaishi wapi. Iko kwa zile hoteli za meza ya watu wanne, mishumaa, na mhudumu anayekuuliza kama unangoja mtu. Ingia kibandani. Dere anakula peke yake, fundi wa mawe anakula peke yake, karani wa kampuni ya mikopo ameficha tai kwa shati ili isiingie kwa supu, naye ako peke yake. Mnabanana kwa benchi moja, mnapitishiana chumvi, na hakuna anayeuliza mwenzako ako wapi. Chapo madondo haijui idadi.

KUZURURA KULIKUWA KOSA

Kuna sababu nyingine, na hii ni nzito kidogo. Ulipokuwa mdogo ulichapwa kwa neno hili: kuzurura. "Ulikuwa unazurura wapi?" Si wazazi wetu waliolianzisha neno hilo kama kosa. Serikali ilikuwa imewatangulia.

Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka wa 1899, mahali Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Ilipokua, iligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi na kaskazini kwenye miti na hewa. Wahindi wakawa Ngara, Parklands na baadaye Eastleigh. Mwafrika akapelekwa mashariki, karibu na reli na viwanda, na hata huko alihesabiwa kama mgeni aliyekuja kufanya kazi na kurudi kwao.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 alilazimika kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ukipatikana sehemu ya jiji ambayo kazi yako haikufikishi, ulikuwa na maswali ya kujibu. Kulikuwa na sheria ya wazururaji pia, na hiyo ilidumu hata baada ya uhuru. Ilifutwa mwaka wa 1997. Yaani kuna msomaji wa ukurasa huu ambaye alizaliwa wakati ambapo mtu angeweza kushtakiwa kwa kuzurura.

Leo Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinasema una haki ya kwenda unakotaka. Lakini angalia ramani uliyohesabu pale juu. Bado tunatembea kama watu waliopewa kibali: kitandani, kazini, kitandani. Ukionekana mahali pasipo na shughuli, unahisi lazima utafute kisingizio. Mimi nadhani mtu anakuwa wa jiji siku anapoweza kutembea ndani yake bila kisingizio.

Haya, maneno yametosha. Hapa kuna matembezi manne ya kuanzia. Kila moja linamalizika kwa nusu siku.

TEMBEZI LA KWANZA: TAO UNALODHANI UNALIJUA

Anza tao, manake tao ndilo unapita kila siku na hulioni. Chagua siku ya kazi, saa nne asubuhi, watu wakiwa wameshaingia ofisini.

Kaa kwanza Jeevanjee Gardens, kwenye benchi, dakika 20. Bustani hiyo ilitolewa kwa wakazi wa jiji mwaka wa 1906 na mfanyabiashara A.M. Jeevanjee. Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga jumba na maegesho ya magari, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza vita vya kuiokoa. Miaka miwili kabla ya hapo, Wangari Maathai alikuwa amezuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Mwaka wa 1999 akapigwa Karura akipigania msitu. Kwa hivyo ukikaa pale bure, ukisikiliza wahubiri upande mmoja na wabishi wa siasa upande mwingine, jua kwamba hiyo bure ililipiwa.

Shuka na Moi Avenue hadi sanamu ya Tom Mboya. Mboya alipigwa risasi barabara hii hii tarehe 5 Julai 1969 akitoka duka la dawa, wakati huo ikiitwa Government Road. Mbele yake ni Kenya National Archives, jengo ambalo zamani lilikuwa la Bank of India. Wewe hulijua kama mahali pa kusema "tupatane hapo nje". Safari hii ingia ndani. Kuna kiingilio kidogo. Utakuta vinyago, vito, nguo na samani kutoka kila pembe ya Afrika, mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Weka hilo jina akilini, tutakutana naye tena.

Ukitoka, vuka Tom Mboya Street uteremke kuelekea River Road. Pita Luthuli Avenue ya maredio na spika, iliyopewa jina la Albert Luthuli wa Afrika Kusini, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani. River Road yenyewe ndiyo ilikuwa moyo wa biashara ya sahani za santuri za benga. Leo ni hoteli za ghorofa ya kwanza ambapo chai inaletwa ikiwa moto wa kuunguza na mandazi mawili. Panda ngazi, kaa dirishani, uangalie barabara kutoka juu. Simu iweke ndani kabisa ya mfuko. Kwa hiyo barabara, macho yako ndiyo kamera.

TEMBEZI LA PILI: KARIOKOR HADI KALOLENI

Hili ndilo ninalolipenda zaidi, manake majina yake ni kitabu.

Kariokor ni jina la Kiingereza lililopitia midomo yetu. Linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Dar es Salaam pia wana Kariakoo yao, kwa sababu hiyo hiyo. Leo sokoni Kariokor utakuta akina mama wanasuka viondo, mafundi wanakata akala kutoka kwa tairi, na moshi wa nyama choma ukipita katikati ya yote. Usinunue ukifika. Uliza kwanza, zunguka, rudi.

Kutoka hapo ingia Gikomba, soko ambalo limeungua mara nyingi na kila mara likasimama tena kabla jivu halijapoa. Nenda mapema ukitaka kuona marobota yakifunguliwa na watu wa nguo za kamera wakigombania zile safi. Unasikia Kamukunji kabla ya kuiona: nyundo kwa mabati, mamia ya nyundo, mafundi wa jua kali wakitengeneza masanduku ya shule, sufuria, jiko na karai. Karibu na hapo ni uwanja wa Kamukunji wenyewe, ambako watu walijitokeza tarehe 7 Julai 1990 kudai vyama vingi ingawa mkutano ulikuwa umepigwa marufuku. Saba Saba tunayoiimba leo ilianzia hapo.

Upande huo huo kuna Pumwani na Majengo, mtaa wa Waafrika uliotengwa na serikali ya kikoloni mapema miaka ya 1920. Kiswahili cha hapo kina ladha yake, na misikiti ni ya siku nyingi. Ukisonga mbele unafika Shauri Moyo. Wakazi wa kijiji cha zamani cha Pangani walihamishiwa huko mwishoni mwa miaka ya 1930, na inasimuliwa kwamba jina lilitokana na uchungu wa kuhama: ukitaka nenda, usitake, ni shauri ya moyo wako. Burma, soko la nyama hapo karibu, ni jina lililokuja na wanajeshi waliotoka kupigana Burma katika Vita vya Pili.

Vuka Jogoo Road pale City Stadium, ambao sasa unabeba jina la Joe Kadenge, uingie Kaloleni. Ghafla kelele zinakatika. Nyumba ni za chini, zenye vigae, zimetazamana na viwanja vya nyasi. Zilijengwa miaka ya 1940, na mafungwa wa kivita wa Kiitaliano walishiriki kuzijenga. Ukumbi wa mtaa ndipo wanasiasa wa kupigania uhuru walikuwa wakikutana. Kuna maktaba ndogo ya umma ambayo imekarabatiwa vizuri, na unaweza kuingia ukapumzisha miguu huku ukisoma. Chini ya miti utakuta wazee wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Siku moja mmoja wao aliniuliza, "Wewe ni wa nani hapa?" Nikamwambia si wa mtu, natembea tu. Akafikiria, kisha akasema, "Basi kaa. Huyu ninamfunga sasa hivi."

Ukibaki na nguvu, fuata Jogoo Road uende Mbotela na ile mitaa ya Ofafa. Umeyasikia kwa makanga maisha yako yote, lakini hayo ni majina ya watu. Tom Mbotela na Ambrose Ofafa walikuwa madiwani wa Nairobi. Wa kwanza aliuawa Novemba 1952, wa pili 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Makanga anapoita "Maringo, Jericho" anapita juu ya makaburi bila kujua, na wewe pia ulikuwa hujui.

Jambo moja la haraka: usiliahirishe tembezi hili. Mitaa ya zamani ya Eastlands iko kwenye mipango ya kubomolewa ili ipishe magorofa. Nyumba za zamani za Pangani tayari zimeenda. Sikatai watu wapate nyumba nzuri, vyoo vya kibali kwa watu kumi si urithi wa kulilia. Lakini nenda uone jinsi mtaa ulivyopangwa kukiwa na nyasi katikati, ili ukiuzwa nyumba ya ghorofa ya 14 isiyo na hata mti, ujue kuna kitu cha kuuliza.

TEMBEZI LA TATU: EASTLEIGH KWA TUMBO

Panda namba 6 au 9. Hakuna mtaa Nairobi unaozungumziwa sana na watu ambao hawajawahi kushuka huko kama Eastleigh.

Uwanja wa ndege wa zamani wa Nairobi ulikuwa hapa, hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa mwaka wa 1958. Siku hizi ni kambi ya jeshi la wanahewa. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka wa 1991, wafanyabiashara waliokimbia vita walifika na ujuzi wao. Nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka, chumba kwa chumba, kuwa maduka. Chumba cha kitanda kimoja kilikuwa duka la vitambaa mchana na mahali pa kulala usiku. Kutoka hapo zikazaliwa zile mol zote unazoziona leo, ambako nusu ya maduka ya nguo za tao hununua mzigo.

Nenda na njaa. Agiza anjera na supu asubuhi, au wali na nyama ya ngamia mchana. Ukiletewa ndizi pembeni ya wali, usiiweke kando ungoje kumaliza. Inaliwa pamoja na wali, tonge kwa tonge. Maliza kwa shaah, chai yenye iliki na mdalasini. Sahani ni kubwa, na hapa ndipo tembezi la soo tatu huenda likapita bajeti kidogo. Ukiwa peke yako, usishangae ukiunganishwa na meza ya watu wengine. Waulize wanachokula. Wakati wa swala maduka mengi yanafunga shuka au pazia. Wewe ngoja tu kando, huo ndio wakati mzuri wa kutazama.

Nimezungumza kuhusu kipande. Hapa hakijasahaulika kabisa. Aprili 2014, katika msako wa usalama, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakiwa Wasomali, na wengi wakazuiliwa uwanjani Kasarani wakikaguliwa vitambulisho. Kijana wa Eastleigh wa umri wako anajua ni kitu gani kuulizwa, "Toa kitambulisho," akiwa nje ya mlango wake. Kumbuka hilo ukirudi nyumbani na mtu akuambie huko ni hatari. Hatari kwa nani, na kutoka kwa nani? Ukiwa umekula huko na kuongea na watu, utakuwa na jibu lako mwenyewe, si la kuazima.

TEMBEZI LA NNE: CITY PARK NA PARKLANDS

Hili ni la siku ambayo kichwa kimejaa. Shuka Limuru Road, karibu na Hospitali ya Aga Khan, uingie City Park. Ni kipande cha msitu wa asili ndani ya jiji, na tumbili ndio wenye nyumba. Usiwalishe, wala usitembee na ndizi mkononi kama mtu asiyewajua.

Tafuta makaburi. Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyefungwa na wakoloni kwa kusaidia wapiganaji wa uhuru, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Amelazwa hapa. Na rafiki yake aliyetaka azikwe karibu naye ni yule tuliyemwacha tao: Joseph Murumbi. Alikuwa Makamu wa Rais mwaka wa 1966 na akajiuzulu mwaka huo huo. Vitu alivyovipenda viko Moi Avenue, yeye ako hapa chini ya miti, na unaweza kuviona vyote viwili kwa siku moja kwa nauli ya mathree.

Ukitoka, tembea barabara za Parklands. Utapita mahekalu, misikiti, nyumba za zamani zenye baraza pana zikibanwa na magorofa mapya. Ingia popote panapokaangwa bhajia. Ukisikia mtu akiagiza mogo, usidhani ni chakula kigeni. Ni muhogo wako, Wahindi wa Kenya wamelizungusha jina tu. Halafu shuka kwa miguu kupitia Ngara, uangalie vile mtaa unabadilika lugha, bei na harufu kila mita mia mbili, hadi ujipate tao tena.

KABLA UTOKE

Sitakudanganya kwamba kila mtaa utakupokea na maua. Nairobi ni Nairobi. Lakini kuna njia za kutembea.

Mwambie mtu mmoja unakoenda na saa ya kurudi. Si kundi zima, mtu mmoja anayejibu simu. Toka asubuhi, rudi jua likiwa bado liko. Beba pesa ndogo ndogo, ziwe mifuko miwili tofauti. Toa visikizi masikioni, manake masikio ndiyo yanakuambia pikipiki inakuja nyuma na inakuja kwa kasi gani. Angalia ramani ukiwa ndani ya duka, si kando ya barabara. Ukipotea, uliza mama wa kibanda au muuza gazeti kabla ya kijana aliyesimama bila shughuli. Na ukihisi mahali hapakai poa, geuka. Hakuna anayekupa alama.

Kama wewe ni msichana, najua unasoma haya ukisema, "Rahisi kwako." Ni kweli. Steji za jiji hili zina midomo na mikono isiyo na adabu, na hilo ni kosa la wenye mikono hiyo, si la nguo zako. Marafiki zangu wa kike wanaotembea peke yao wamenifunza yao: anza na tao na City Park mchana, epuka steji zenye msongamano kwa kushuka moja kabla, na ukifika mtaa mpya tafuta kwanza kibanda cha mama. Ukinunua chai kwake na kupiga stori, tayari una mtu anayekujua hapo. Ukisumbuliwa, unarudi kwa "auntie".

Askari akikusimamisha, msalimu, toa kitambulisho, jibu kwa upole. Kusema "natembea" ni jibu kamili. Akisema anakukamata, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha unayoelewa. Uliza kwa sauti ya kawaida, ukiwa karibu na watu.

La mwisho ni adabu. Watu wanaishi kwenye mitaa hii, si maonyesho. Usimpige mtu picha bila kumwomba, hasa watoto na hasa mitaa ya mabanati. Salimu kwanza: mzee, mathe, boss, auntie. Ukikaa kwa kibanda cha mtu, nunua kitu, hata kama ni chai ya mbao. Ukiulizwa kwenu ni wapi, sema, kisha na wewe uulize. Na ukirudi, kabla ya kuweka chochote Instagram, andika mambo matatu uliyoyaona ambayo hayako kwenye picha. Baada ya miezi sita utakuwa na daftari la jiji ambalo hakuna programu ya simu inayo.

Jumamosi hii, badala ya kuandika "fomu ni gani" kwa grupu, nenda steji. Tafuta namba ya mathree ambayo hujawahi kupanda. Makanga akikuuliza, "Unashukia wapi?" mwambie mwisho wa gari. Lipa, kaa dirishani, na ukifika huko mwisho, shuka uanze kurudi kwa miguu.